Gari Hushuka Bei, Spea Hazishuki: Hesabu ya Kumiliki Mercedes E-Class ya Zamani

Kila wiki tunaona wateja wetu wakitafuta njia ya kulipia gari walilolipenda mtandaoni. Mara nyingi ni sedani kubwa ya kifahari, viti vya ngozi, rangi nyeusi au fedha, na bei yake ni sawa na ya gari dogo la kawaida. Swali linalofuata huwa ni moja: kwa pesa hiyo hiyo, kwa nini ninunue gari dogo?

Ni swali zuri, na jibu lake si "usinunue". Kuna Wakenya wengi wanaoendesha magari haya kwa raha miaka nenda miaka rudi. Ila wengi wao walijua jambo moja kabla ya kulipa: gari hushuka bei, lakini spea zake hazishuki. Gari lililouzwa likiwa jipya kwa mamilioni bado linakula spea za gari la mamilioni, hata kama wewe umelinunua kwa laki sita.

Katika somo hili tunachukua gari moja kama mfano, tunaangalia linaharibika wapi, kisha tunapiga hesabu ya mwezi. Mwisho tunaonyesha jinsi ya kulipa na kuweka akiba ili gari lisije likala karo ya watoto.

Gari la mfano: Mercedes E-Class ya W211

W211 ni jina la kiwandani la E-Class iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Ni ile yenye taa nne za mviringo mbele. Hapa Kenya utaiona kama E200 Kompressor, E240, E280, E320, E350 na mara chache E500. Katikati ya 2006 ilifanyiwa marekebisho makubwa, na tarehe hiyo ni muhimu kwa mfuko wako, kama utakavyoona.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake, W211 za mwisho ziliingia nchini miaka mingi iliyopita. Muuzaji akikwambia leo kwamba W211 yake "imetoka Japani juzi", jua hapo hakuna ukweli. Gari hilo limeshakanyaga mashimo yetu kwa miaka, na pengine limepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Kwa hiyo swali la kuuliza si lilitunzwaje Japani. Uliza: nani alilitunza hapa, na yuko wapi ushahidi?

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. Haya ndiyo maeneo matano yanayokula pesa.

1. Breki za SBC (magari ya kabla ya katikati ya 2006)

W211 za mwanzo zilikuja na breki zinazoitwa SBC. Kwenye gari la kawaida, mguu wako unasukuma mafuta ya breki moja kwa moja. Kwenye SBC, unapokanyaga pedali, kompyuta ndiyo inayosoma umekanyaga kwa nguvu kiasi gani, halafu pampu ya umeme inapeleka presha kwenye magurudumu. Mwaka 2004, Mercedes iliyaita gereji magari yapatayo 680,000 duniani kwa sababu ya mfumo huu. Katika marekebisho ya 2006, E-Class ikarudi kwenye breki za kawaida.

Pampu ya SBC ina hesabu ndani yake. Inahesabu kila mara unapokanyaga breki, na ikifika kikomo chake, inawasha onyo kwenye dashibodi ikidai kubadilishwa. Ikikata kabisa, pedali inazama chini sana, unahitaji nguvu nyingi mguuni, na breki za mbele tu ndizo zinazofanya kazi. Gari bado linaweza kusimama, lakini si kwa umbali uliouzoea. Fikiria hilo ukiteremka kuelekea Mai Mahiu.

Hapa ndipo pesa hupotea. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta pampu iliyotumika, kumbuka nayo ina hesabu yake ndani. Unaweza kununua pampu ambayo imebakiza muda mfupi sana, na hakuna anayeweza kukwambia kwa kuitazama kwa macho. Mwambie muuzaji wa spea akubali ipimwe kwa kompyuta kabla hujalipa pesa yote. Kuna pia mafundi wanaofuta hesabu ili onyo lizimike. Onyo litazimika, ndiyo, lakini mota ya pampu itabaki ile ile iliyochoka. Hizo ni breki, usifanye mchezo.

Jambo lingine: hata kubadilisha pedi za breki kwenye gari la SBC kunahitaji mfumo uzimwe kwanza kwa kompyuta. Usipozimwa, pampu inaweza kujiwasha na kubana vidole vya fundi. Muulize fundi wako kama anajua hilo. Akishangaa, mshukuru kisha utafute mwingine.

2. Injini: cheni na giya zake

Matatizo ya injini hutegemea gari lina injini gani, kwa hiyo usiulize tu "ni Mercedes ya ngapi?"

E200 Kompressor ina injini ya silinda nne iitwayo M271. Udhaifu wake unaojulikana ni cheni ya taimingi kurefuka na giya za kamshafti kulika meno. Dalili ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache unapowasha injini asubuhi ikiwa baridi. Ndiyo maana ukienda kuangalia gari ukakuta muuzaji ameshaliwasha na injini ina joto, mwombe lipoe kabisa, au urudi kesho yake asubuhi. Cheni ikiruka, valvu zinaweza kugonga pistoni, na hapo hutazungumza tena kuhusu cheni. Utazungumza kuhusu injini nzima.

E280 na E350 za kuanzia takriban 2005 zina injini ya V6 iitwayo M272. Injini za awali za aina hii zilikuwa na giya laini kwenye mhimili wa kusawazisha, ambao mafundi huuita balansi shafti. Meno yake hulika mapema. Tatizo hili linahusu injini ambazo tarakimu sita za mwisho za namba yake ni chini ya 468993. Kuirekebisha kunahitaji kushusha injini, na hapo gharama kubwa huwa ni kazi ya fundi kuliko hata spea yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma namba ya injini, kisha uulize kama kazi hiyo ilishafanywa na risiti iko wapi. Gari ambalo limeshafanyiwa kazi hiyo linaweza kuwa na bei ya juu kidogo na bado likawa nafuu kwako.

E240 na E320 za mwanzo zina V6 ya zamani iitwayo M112. Hii ni injini ngumu kwa maana nzuri. Lakini ina plagi mbili kwa kila silinda. Silinda sita, plagi 12. Ukiagiza plagi kwa mazoea ya Toyota yako, ukahesabu nne, utashtuka dukani. E500 za mwanzo zina plagi 16.

Na oili? Injini ya M272 inameza lita 8, na inataka oili yenye idhini ya Mercedes ya 229.5. Gari dogo la sisi 1500 huchukua chini ya nusu ya hiyo. Huo ndio mfano rahisi zaidi wa kichwa cha somo letu: hakuna kitu kilichoharibika, ni sevisi ya kawaida tu, na tayari unalipa zaidi ya mara mbili kwa oili peke yake.

3. Giaboksi

Baadhi ya W211 zina giaboksi ya gia tano, nyingine, hasa za baadaye, zina ya gia saba. Ya gia tano ni imara, lakini ina plagi ya umeme yenye mpira mdogo wa kuzuia oili. Mpira huo ukichoka, oili hupanda taratibu kwenye nyaya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Mpira ni wa bei ndogo sana. Kompyuta si ya bei ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ya gia saba huharibika sensa zilizo kwenye bamba la umeme ndani ya giaboksi. Gari hung'ang'ania gia moja, halipandi wala kushuka, na unajikuta ukitambaa kwenye Thika Road huku matatu zikikupigia honi. Shida ni kwamba baadhi ya mafundi wakiona hivyo husema mara moja "boss, giaboksi imekufa, tutafute nyingine". Mara nyingi giaboksi haijafa. Ni bamba tu. Kabla ya kutuma hata shilingi ya giaboksi nyingine, pata maoni ya fundi wa pili mwenye mashine ya kupimia Mercedes.

4. Suspensheni ya hewa

Baadhi ya W211, hasa matoleo ya juu kama E500, hazikai juu ya springi za chuma. Zinakaa juu ya springi za hewa za mfumo unaoitwa Airmatic. Ni raha tupu barabarani. Lakini mpira wa springi huchanika kwa umri, na hewa inaanza kuvuja polepole.

Dalili ni rahisi: unaegesha gari usiku likiwa sawa, asubuhi unakuta kona moja imelala. Ukiliwasha, linajiinua. Wengi huona limejiinua wakasema hakuna shida. Lakini kompresa ya hewa sasa inafanya kazi muda mrefu kila siku, na haikutengenezwa kwa hilo. Baada ya muda inaungua. Ulikuwa unatakiwa kununua springi moja; sasa unanunua springi na kompresa. Hapa kuchelewa ndiko kunakofanya bili iwe mara mbili.

5. Umeme na betri mbili

W211 za kabla ya marekebisho ya 2006 zina betri mbili: kubwa iko kwenye buti, ndogo iko mbele kwenye injini. Betri ndogo ikichoka, dashibodi huanza kutoa maonyo ya ajabu, mara viti havisogei, mara vifaa vingine vinazimwa. Mtu asiyejua ataambiwa abadilishe kompyuta. Anza na betri. Ni kipimo cha dakika chache, na kinaweza kukuokolea maelfu.

Hesabu ya mwezi

Sasa tupige hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, tumezichagua ili hesabu iwe rahisi kufuata. Wewe weka zako.

Tuseme umenunua W211 ya V6 kwa KSh 640,000, na unaendesha kilomita 1,200 kwa mwezi, nyingi zikiwa ndani ya foleni za mji.

Mafuta: tukichukua kilomita 7 kwa lita, unahitaji lita 171. Kwa bei ya kukokotoa ya KSh 180 kwa lita, hiyo ni takriban KSh 30,900. (EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo badilisha namba hii kulingana na bei ya sasa.)

Sevisi: mbili kwa mwaka, tuseme KSh 20,000 kila moja. Kwa mwezi ni karibu KSh 3,350.

Magurudumu: manne kwa KSh 15,000 kila moja, yanadumu miaka mitatu. Kwa mwezi ni karibu KSh 1,700.

Bima ya mtu wa tatu: tuseme KSh 9,000 kwa mwaka, yaani KSh 750 kwa mwezi.

Akiba ya gereji: KSh 15,000.

Jumla: KSh 51,700 kwa mwezi.

Zidisha mara 12. Unapata KSh 620,400. Maana yake, ndani ya mwaka mmoja, kuendesha gari hili kutakugharimu karibu sawa na bei uliyolinunulia. Na bado hatujahesabu parking wala kuosha gari.

Linganisha na gari dogo linalokwenda kilomita 13 kwa lita. Kwa mwendo ule ule litakula mafuta ya takriban KSh 16,600. Tofauti ya mafuta pekee ni zaidi ya KSh 14,000 kila mwezi.

Kuhusu bima, kampuni nyingi zina kikomo cha umri wa gari kwa bima kamili. Gari la zaidi ya miaka 15 linaweza kukataliwa, au kukubaliwa kwa masharti magumu. Uliza kabla ya kununua. Kama utabaki na bima ya mtu wa tatu peke yake, ukigonga ukuta, gari lako ni shida yako mwenyewe. Hiyo nayo ni gharama, hata kama haina risiti leo.

Kanuni ya nne kwa moja

Kama una pesa ya kununua gari, usiimalize yote kwenye gari. Kwa kila shilingi nne unazotoa kwa gari la kifahari la zamani, weka shilingi moja pembeni kwa matengenezo ya miezi ya kwanza.

Kwa hiyo kama mfuko wako wote ni KSh 800,000, tafuta gari la KSh 640,000 na ubaki na KSh 160,000. Hiyo si pesa ya rimu mpya wala redio. Ni ya sevisi ya kwanza kamili, oili ya giaboksi, betri, na lile jambo ambalo muuzaji hakukwambia.

Baada ya hapo, endelea kujaza. KSh 15,000 kwa mwezi ni KSh 500 kwa siku. Fungua akaunti ya akiba kwenye simu, ipe jina "Gereji", na uipangie iwe inakata yenyewe kila siku au kila siku ya mshahara. Tunapendekeza iwe tofauti na pochi yako ya kila siku, kwa sababu pesa inayokaa pamoja na pesa ya unga huliwa pamoja na unga. Mwezi usiokuwa na matengenezo usiufurahie kwa kuitumia. Gari halijasamehe, limeahirisha tu.

Na usitegemee mkopo wa simu kulipia gereji. Mikopo hii imeundwa kwa dharura ndogo za siku chache. Ukikopa kwa ajili ya springi ya hewa mwezi huu, kisha kompresa mwezi ujao, utajikuta unalipa ada juu ya ada huku gari likiwa bado limesimama. Ukiona unakopa mara mbili mfululizo kwa sababu ya gari, gari hilo limeshazidi mfuko wako. Kuliuza mapema likiwa linatembea ni bora kuliko kuliuza likiwa juu ya mawe.

Kabla ya kulipa muuzaji

Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu.

Kwanza, tafuta rekodi za gari NTSA kupitia eCitizen. Hakikisha jina la mwenye gari linafanana na kitambulisho cha anayekuuzia. Angalia pia kama kuna mkopeshaji aliyesajiliwa pamoja naye. Magari mengi ya aina hii yamewahi kuwekwa rehani ya logibuku, na ukinunua gari lenye deni, mwenye deni atakuja kulichukua mlangoni kwako.

Pili, lipia ukaguzi wa fundi unayemchagua wewe, si wa muuzaji. Lazima awe na mashine ya kusoma Mercedes. Aangalie hasa hesabu ya SBC kama gari ni la kabla ya marekebisho, namba ya injini kama ni M272, mlio wa injini ikiwa baridi, na urefu wa kona nne baada ya gari kulala usiku. Muuzaji akikataa ukaguzi, ameshakujibu.

Tatu, usitume pesa ya "kushikilia gari" kabla hujaliona. Huu ni ulaghai wa kawaida: picha nzuri, bei ya kutupa, muuzaji "anasafiri kesho", na wateja wengine watano wanalitaka. Anataka elfu kumi tu ili akuwekee. Ukituma kwa hiari yako, kuirudisha ni vigumu sana.

Nne, malipo makubwa ya gari yapitishe benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye rekodi za NTSA. Malipo ya simu yana kikomo cha muamala, na kuyakatakata vipande vipande kwa namba tofauti tofauti ni njia rahisi ya kupoteza ushahidi.

Tano, uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, kisha wewe unaukubali kwenye akaunti yako. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, paybill 222222. Mtu akikwambia utume "pesa ya NTSA" kwa namba yake binafsi, simama hapo hapo.

Kulipa gereji na spea bila kuumia

Fundi wa jua kali anaweza kuwa bora kuliko gereji yenye vioo. Tatizo huwa ni mpangilio wa malipo. Tunashauri hivi:

Lipia spea dukani wewe mwenyewe, kwa nambari ya till ya duka. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Likiwa jina la mtu usiyemjua badala ya duka, uliza kwanza.

Mlipe fundi kazi yake peke yake, nusu mwanzoni na nusu gari likiwa limetoka. Fundi mwaminifu hatakasirika, atajua unaelewa.

Hifadhi ujumbe wa kila malipo, na uandike mahali: tarehe, kilomita, spea, kiasi. Mwisho wa mwaka pakua taarifa ya akaunti yako na uilinganishe. Siku ukiuza gari, hiyo ndiyo historia ya sevisi ambayo wewe mwenyewe uliitafuta ulipokuwa ukinunua. Mnunuzi atalipa zaidi akiiona.

Dai spea ya zamani urudishiwe. Kama fundi amebadilisha springi ya hewa, ile iliyochanika iko wapi?

Maswali tunayoulizwa

Je, nikitapeliwa na muuza spea mnaweza kurudisha pesa? Kama umekosea namba, piga simu huduma kwa wateja mara moja kabla pesa haijatolewa. Lakini kama ulilipa mtu uliyemkusudia na spea ikawa mbovu, huo ni mgogoro wa biashara. Ndiyo maana risiti na ujumbe wa till ni muhimu.

Je, W211 ya baada ya 2006 ni bora? Kwa breki, ndiyo, kwa sababu haina SBC. Lakini kama ni V6 ya mapema, bado kagua namba ya injini. Na kila gari bado lina umri wake.

Nina mshahara wa kawaida. Niache kabisa? Chukua hesabu yetu ya mwezi, weka namba zako, kisha ishi nayo miezi mitatu kabla ya kununua. Kila mwezi weka kiasi hicho kwenye akiba kana kwamba gari unalo tayari. Ukiweza bila kukopa na bila kuchelewesha kodi au karo, uko tayari, na tena utakuwa na akiba ya kuanzia. Ukishindwa mwezi wa pili, umejua ukweli bila kupoteza hata shilingi.

Jaribio hilo la miezi mitatu ndilo tunalokuomba ulifanye hata kama hutakumbuka kitu kingine kwenye somo hili. Fungua akiba leo, iite "Gereji", weka KSh 500 ya kwanza. Gari litakusubiri, W211 zimekuwa barabarani tangu 2002 na hazijaisha.